Gari Limeshapita Rongo

Kituo cha Zimamoto, Kamlori,
Homa Bay.
3 Februari 2025

Mjomba Maroa,

Shikamoo, wewe na Anti Liz. Huku tuko wazima, isipokuwa joto. Mama anakusalimu. Goti lake limepata nafuu tangu aache kupanda kilima kwenda kanisani; siku hizi anasali kwa jirani, ambako anasema mahubiri ni mafupi na chai ni nyingi. Mwambie Anti Liz gauni alilonishonea Krismasi limesifiwa mpaka Kosele.

Wenzangu hapa wananicheka nikiandika barua. Nimewaambia masikio ya mjomba wangu yameharibika, tukipigiana simu tunapigiana kelele tu, na ujumbe wa simu ameukataa kwa sababu eti maneno yake ni mafupi kama ya mtu aliyenuna. Na kwa vile mimi sijui Kikuria na wewe hujui Dholuo, tuendelee na Kiswahili chetu, na dereva wa matatu ya Isebania atubebee bahasha.

Sasa habari yenyewe. Tunakaguliwa! Si na wakubwa wetu wa hapa, ambao wakija hula samaki na kurudi. Hawa ni wakaguzi wa nje, kutoka Nairobi, wanaopima kama kituo cha zimamoto kinaweza kuzima moto. Watatupa alama, na alama zitatangazwa kwenye redio.

Mkuu wetu, Bwana Oliver, ameanza kufika kazini kabla ya saa nne. Tangu nifanywe naibu wake sijawahi kuona jambo hilo. Ameagiza maua ya vyungu na ameagiza gari letu la zimamoto lipakwe rangi. Mjomba, gari hilo halijawaka tangu mvua za mwaka juzi. Kuku wa mlinzi anaatamia ndani ya mpira wa maji ulioviringishwa. Nikamwuliza, "Mkuu, na injini?" Akanijibu, "Lorine, wakaguzi wana macho. Ufunguo ni wetu."

Tuombeeni.

Mpwa wako,
Lorine

*

Kemarisa, Migori.
17 Februari 2025

Lorine mwanangu,

Salamu zako zimepokelewa na kugawanywa. Liz amefurahi kuhusu gauni mpaka amenisomea mstari ule mara mbili kwa kuuelekeza kidole. Duka linakwenda. Shule mbili zimeagiza sare, na cherehani zote zinafanya kazi isipokuwa ile ya karibu na dirisha, ambayo hufanya kazi ikipenda.

Nimesoma habari ya ukaguzi. Sisi gari letu la zimamoto ni dogo, limechubuka ubavuni, na wenye masikio wanasema king'ora chake hulia kama ndama aliyepotezana na mamaye. Lakini huja. Juzi banda la kukaushia tumbaku la Ongeri lilishika moto, na Gichana, mkuu wa kituo chetu, alifika akiwa amevaa kiatu kimoja na ndala moja. Banda likapona nusu. Shati lake nimelishonea vifungo zaidi ya mara moja. Si mtu wa kupigwa picha.

Swali moja tu. Wakaguzi wakiuliza mara ya mwisho mlizima moto lini, mtajibu nini?

Mjomba wako,
Maroa

*

Kamlori.
9 Machi 2025

Mjomba mpendwa,

Natumaini mmeamka vyema huko. Huku Baba amemaliza kupanda na sasa anaitazama mbingu kama mtu anayeidai. Mama anataka kuja kwenu baada ya Pasaka.

Wakaguzi wanafika Alhamisi hii, tarehe 13. Mjomba, tumefanya mazoezi mpaka mpishi anajua kusema "Tuko tayari saa zote." Bwana Oliver aliandaa moto wa majaribio nyuma ya kituo, rundo la matairi. Likakataa kuwaka kwa sababu ya mvua. Tukamwagia mafuta ya taa, likawaka. Kabla hatujafungua maji, mvua ikaongezeka na kuuzima. Ameandika kwamba moto ulizimwa kwa muda mfupi mno.

Mimi nimekabidhiwa simu. Lazima ipokewe mlio wa pili, wala si wa tatu. Asubuhi nzima ya jana walikuwa wakinipigia kutoka chumba cha pili: "Moto! Moto!" Nami najibu, "Tuko njiani!" Ninaota nikisema hivyo.

Kuhusu gari usiwe na wasiwasi. Mlango umefunguka, tumepata msaada. Nitakueleza siku nyingine.

Wako,
Lorine

*

Kemarisa.
24 Machi 2025

Lorine,

Tunamshukuru Mungu kwamba tuko hai, na hilo safari hii siliandiki kwa mazoea. Mkono wa kulia wa Liz unamsumbua kidogo, kwa hiyo mimi ndiye ninayesonga ugali, na wanaoula wananyamaza kwa heshima. Cherehani zilizopo tumezihamishia kibarazani kwa Okari, yule fundi baiskeli wa upande wa pili wa barabara. Kuna hewa nzuri.

Okari huyo ananichekesha. Anasema Jumatatu ile kabla ya ukaguzi wenu aliona gari letu la zimamoto likitoka mjini kuelekea Migori, njia ya Rongo, na kando ya dereva ameketi msichana mwenye miwani myeusi. Anaapa kwamba alikuwa wewe. Nikamwambia haiwezekani, Lorine hapiti mbele ya duka langu bila kushuka, hata kama ni kunywa maji tu. Nimemshauri akapimwe macho.

Tuambie ukaguzi ulikwendaje.

Maroa

*

Kamlori.
6 Aprili 2025

Mjomba wangu na Anti Liz,

Habari za siku nyingi. Pole sana kwa mkono wa Anti. Mwambie aukande kwa maji ya uvuguvugu. Mama ameshafunga mzigo wake ingawa Pasaka bado.

TUMEPITA! Tumepewa daraja la "Bora", na redio imetutaja mara tatu. Mwenye kuongoza wakaguzi ni mama mmoja anayeitwa Bi Metrine, mpole, anaandika kila kitu. Alisoma kaulimbiu yetu iliyotundikwa ukutani na kumwuliza Bwana Oliver maana yake. Bwana Oliver alieleza mpaka mkaguzi mmoja akasinzia. Walikagua vyungu vya maua. Walikagua buti, ambazo tulizipaka rangi zikafanana na mpya. Waliingia ndani ya gari, wakapigiana picha wakiwa wamevaa kofia ngumu, na Bwana Oliver akawapigia king'ora. Kililia kwa sauti nyembamba kidogo, lakini walipiga makofi.

Kuku wa mlinzi tulimtoa. Alirudi katikati ya hotuba.

Wakati wa chai simu ililia. Nikaipokea mlio wa pili kama tulivyofanya mazoezi. Bi Metrine aliangalia saa yake, akaandika, akatabasamu. Tulipata alama zote za kipengele hicho. Ilikuwa simu ya kawaida tu.

Kuhusu Okari, macho ni kitu cha kutunzwa.

Lakini Mjomba, kwa nini mmehamia kibarazani kwake? Duka lina nini?

Lorine

*

Kemarisa.
20 Aprili 2025

Lorine,

Heri ya Pasaka. Hongereni kwa alama.

Duka lipo mahali pake.

Gichana amepata habari kwamba wakaguzi wenu haohao watakuja kwetu tarehe 15 Mei. Anahangaika, kwa sababu gari letu bado limesafiri. Nilimwuliza limesafiri kwenda wapi. Akajifanya hajanisikia, jambo ambalo kwa kawaida ni kazi yangu.

Mama yako tumemwandalia kitanda.

Maroa

*

Kamlori.
5 Mei 2025

Mjomba,

Mama amerudi. Sitaandika salamu nyingi.

Ameniambia duka halina paa. Ameniambia kuta zimebaki nyeusi, zimepona cherehani mbili tu, na mkono wa Anti Liz umefungwa bandeji kutoka vidoleni mpaka kwenye kiwiko. Mimi nimewaandikia maji ya uvuguvugu. Kwa nini hamkusema? Mwezi na zaidi mnaniambia habari za ugali na hewa nzuri!

Mama aliweka kikapu chini, akaniuliza, "Lorine, moto huo uliwaka Alhamisi ya ukaguzi wenu. Wewe siku hiyo ulikuwa wapi?"

Nikamwambia nilikuwa kazini. Akaendelea kuniangalia.

Tarehe 15 nitakuja Kemarisa. Bwana Oliver amekubali kurudisha gari, kwa sharti kwamba wakaguzi wakiondoka nilirejeshe huku, maana kuna wageni wengine wanataka kupiga picha nalo. Ndiyo, ni gari lenu. Okari hana ugonjwa wowote wa macho. Nilipita mbele ya duka na sikushuka kwa sababu nilijua ungeniuliza ninalipeleka wapi.

Gichana ameomba pia aazimwe vyungu vyetu vya maua, buti na ile kaulimbiu ya ukutani. Vyote viko ndani ya gari tayari.

Kuna jambo jingine, lakini siliwezi kwenye karatasi.

Lorine

*

Kemarisa.
18 Mei 2025

Mpwa wangu,

Natumaini ulifika salama. Hukuaga.

Nakuandikia nikiwa mtu aliyeona mkutano wote na hakusikia hata neno. Nitakuambia nilichoona, kisha wewe uniambie kilichosemwa.

Niliona turubai, na wakaguzi wameketi mezani, na vyungu vya maua ambavyo Kemarisa haijawahi kuwa navyo. Nilikuona ukishuka kwenye gari letu. Ulinishika mkono huku ukitazama viatu vyangu. Niliona wananchi wakiruhusiwa kuuliza maswali na wote wakitazama chini, kama kawaida. Kisha Liz akasimama. Sikujua kwamba angesimama. Mimi nilikuwa nimemwambia tuyaache, huyu ni mtoto wa dada yangu. Aliinua mkono wenye bandeji na kusema neno fupi. Gichana akasema mengi. Liz akasema tena, safari hii kirefu. Kisha wewe ukasogea, ukaegemea gurudumu la gari, ukasema, na watu wote wakageuka. Bi Metrine aliacha kuandika. Liz aliketi polepole. Wewe ukapanda pikipiki ukaondoka, na nyuma yako wanawake wa sokoni wakaanza kubeba meza zao.

Nimemwuliza Liz ulisema nini. Amekataa. Ameniandikia kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa zilizopinda: MUULIZE ALIYESEMA.

Basi nakuuliza.

Maroa

*

Kamlori, nyumbani kwa Mama.
27 Mei 2025

Mjomba,

Anwani imebadilika, utaona kwa nini.

Anti Liz alisema hivi: "Siku duka langu lilipoungua, gari lilikuwa wapi?"

Gichana akasema gari lilikuwa kwenye matengenezo ya kawaida, na kwamba kituo chake kinajali wananchi. Anti Liz hakuketi. Akasema, "Gichana, wewe mwenyewe ulisimama barabarani ukatuambia limeshapita Rongo. Watu waliokuwa wanabeba ndoo wakaziweka chini. Wakaenda kusimama barabarani kulitazamia. Nami nikaingia ndani kuokoa mashine nikijua maji yako nyuma yangu. Nataka kujua ni nani alilipitisha Rongo."

Gichana alijua ni mimi. Hakunitaja, Mjomba. Angeweza.

Ndipo nikasema. Nimeyarudia maneno yale kichwani hata nayajua: "Ni mimi niliyepokea simu. Gari lilikuwa Kamlori, limeegeshwa mbele ya Bi Metrine akinywa chai. Tulimwambia Gichana ukaguzi ungekwisha mapema na gari lingeondoka Alhamisi asubuhi, na halikuondoka. Gichana aliniuliza tumefika wapi. Nikajibu, 'Tuko njiani, tumeshapita Rongo.' Hakuna aliyekuwa njiani. Gari hili mlilolikagua leo ndilo mlilolikagua kule. Na vyungu hivi. Na kaulimbiu."

Simu ile, Mjomba, nilipoiwekea mkono juu kumwuliza Bwana Oliver, alininong'oneza, "Mwambie mko njiani, wageni wanasikia." Lakini Rongo ni yangu. Hakuniambia Rongo. Nilitaka isikike vizuri.

Na sikujua ni duka lenu. Gichana alisema "maduka" tu. Nimejaribu kujituliza kwa hilo, lakini halitulizi, kwa sababu maduka ni ya watu.

Bi Metrine aliniuliza kitu kimoja tu. Alisema, kwa upole wake ule, "Simu hiyo ndiyo iliyopokewa mlio wa pili?" Nikasema ndiyo. Akatazama karatasi zake, akasema, "Basi alama ile ni halali. Kipengele kinapima kupokea. Jibu lina kipengele chake, na hicho hatukukifikia." Mjomba, hakuwa anatania.

Nilipanda pikipiki kwa sababu sikuweza kumtazama Anti usoni.

Bwana Oliver amenisimamisha kazi. Kosa langu ni kuwapa wakaguzi majibu ya maswali ambayo hawakuuliza. Gari anadai nimelitelekeza ugenini. Nimemwambia lipo kwao.

Mama hanigombezi. Ananipakulia chakula na kuondoka. Afadhali angenigomba.

Lorine

*

Kemarisa.
9 Juni 2025

Lorine mwanangu,

Barua yako niliisoma nikiwa peke yangu kibarazani kwa Okari, kisha nikaisoma tena. Asante kwa kuniandikia maneno yote, hata yale ya Rongo. Ungeweza kuyaruka, mimi nisingejua.

Kwanza habari. Matokeo yametoka, Okari aliyasikia redioni akanieleza kwa mikono. Kemarisa nayo imepata "Bora". Wakaguzi wamesifu "ushirikiano wa karibu kati ya vituo viwili katika matumizi ya vifaa". Wamesifu pia "ushiriki mkubwa wa wananchi katika ulinzi wa mali ya umma", yaani wale wanawake wa sokoni. Tumekatwa alama kwa sababu vyungu vya maua havikuwa na maji.

Gari halijaondoka. Wanawake wamelizungushia meza zao za nyanya na dagaa wa omena pande zote, wala hakuna njia ya kulitoa. Bwana Oliver alituma watu wawili walichukue. Waliuziwa nyanya wakarudi. Nasikia yeye mwenyewe sasa huitwa kwenye vituo vingine kuwafundisha jinsi ya kujiandaa kwa ukaguzi.

Wiki iliyopita kinu cha kusaga mahindi kilishika moto mchana. Mimi niliona tu meza zikiinuliwa, nyanya zikibingirika barabarani, na gari likitoka. Gichana alikuwa na viatu vyote viwili. Kinu kimepona na mwenye kinu amepona. Gichana aliniambia kwamba hana mtu anayejua kupanga zamu wala kufunga mipira ya maji isivuje. Ameomba ruhusa ya kuajiri. Hajajibiwa, lakini anasema yuko tayari kukuchukua kama kibarua hadi wajibu. Hilo ni lake na lako.

Langu ni hili. Nilikasirika. Barua zile fupi za Machi na Aprili ziliandikwa na mtu mwenye hasira aliyekuwa akingoja uanze mwenyewe. Nilijua tangu siku Okari alipokuona. Sikujua habari ya simu. Umeanza mwenyewe, ukachelewa, lakini umeanza mbele ya watu, na umelipia. Mimi nimekusamehe. Imekwisha, sitaitaja tena.

Lakini mimi sikuungua mkono. Msamaha wangu ni wa paa na cherehani tu. Wa Liz siwezi kuutia ndani ya bahasha hii nikautuma kana kwamba ni wangu. Nimemwuliza kama ana neno la kukuandikia. Amesema hana. Nikamwuliza kama usije. Akaniangalia kama mjinga, akasema Jumamosi atakuwa nyumbani kutwa.

Bandeji imetolewa. Vidole viwili havikunji. Utaviona, na usigeuze uso.

Usijibu barua hii. Njoo.

Mjomba wako,
Maroa